MNAMTETEA BOND WA KLIPU, MUVI NZIMA HAMJAITAZAMA

Haya wadau, wiki hii mitandaoni kumewaka, na safari hii sio ndoa ya msanii wala gari la kukodi lililopigiwa picha likaitwa zawadi ya mume. Kisa ni James Bond. Ndiyo, huyo huyo mzee wa suti na bastola, muvi ambazo baba zenu waliziona kwenye mikanda.

Iko hivi. Kuna dada mmoja wa Dar, jina kapuni, mpenzi wa muvi za kijasusi kuliko hata tamthilia za Kifilipino. Dada kaamua kurudia Bond zote za zamani kwa mpangilio, kuanzia Dr. No ya 1962. Hana chaneli, hana mdhamini, bando ananunua mwenyewe. Kila akimaliza moja anaandika mistari mitano sita kwenye ukurasa wake: hapa nimecheka, hapa nimesinzia, hapa hiyo suti imekaa jamani. Basi. Hakuna aliyegombana naye.

Alipofika Goldfinger ya 1964 akaandika kwamba tukio la zizini limemkera, kwa sababu yule mwanamke anakataa na muvi inafanya kama haijasikia. Hapo ndipo moto ulipowaka. Mchambuzi mmoja wa muvi, naye jina kapuni ila wafuasi wake wanajaza uwanja wa mpira, akamjibu kwa video ya dakika saba. Povu mwanzo mwisho. Bond wa zamani alikuwa jasusi wa ukweli na mwanaume kamili, sio hawa wa sasa wanaolialia na kufa. Muvi ya miaka 60 iliyopita haihukumiwi kwa macho ya leo. Na watoto wa elfu mbili waache kukatakata kazi za watu. Mwishoni akapandisha klipu ya sekunde arobaini ya hilo zizi, muziki laini, mrembo kamkumbatia Bond shingoni, halafu kaandika juu yake: "Anakataa wapi hapo?"

Watu wakacheka, wakashea. Klipu ikatembea mpaka kwenye magrupu ya familia.

Sasa tuanze na huo ujasusi wa ukweli, maana mchambuzi ndio kauweka mbele. Dr. No ina ujasusi, hilo halina ubishi, na dada mwenyewe alilisifia. Bond anaingia chumbani kwake hotelini Jamaica, anang'oa unywele kichwani, anaulowesha kwa mate na kuubandika kwenye milango ya kabati. Anapaka poda kwenye vifungo vya mkoba wake. Akirudi, unywele haupo, kajua kuna mtu kapita. Hakuna kompyuta, hakuna satelaiti, unywele tu! Muvi ile ilitengenezwa kwa kama dola milioni 1, na umaskini wake ndio uliomfanya jamaa atumie akili.

Na From Russia with Love ya 1963 ndio usiseme. Kwenye treni, adui anajifanya mwenzake Muingereza, wanakaa mezani, jamaa anaagiza divai nyekundu na samaki. Kosa dogo la mezani, na Bond analikumbuka akiwa ameshachelewa. Halafu ule ugomvi ndani ya chumba kidogo cha treni, watu wawili wanagongana na kuta, vioo vinapasuka. Yeyote anayesema muvi za zamani hazina ngumi arudi pale. Ila kaa mpaka mwisho. Rosa Klebb anakuja na kisu kwenye kiatu, Bond kambana kwa kiti ukutani, na anayempiga Klebb risasi ni Tatiana, yule yule mrembo anayehesabiwa kama pambo.

Sasa njoo Goldfinger yenyewe, ambayo mchambuzi anaiita kilele. Fuatilia Bond anafanya nini mle. Anamchukua Jill, msichana wa Goldfinger, kulala naye. Jill anauawa, anapakwa rangi ya dhahabu mwili mzima. Dada yake Jill, Tilly, anakuja kulipiza kisasi, naye anauawa kwa ile kofia ya Oddjob. Bond anakamatwa. Kuanzia pale kwenye meza ya miale ya leza, sehemu kubwa ya muvi iliyobaki jamaa ni MFUNGWA. Anatolewa, anarudishwa, anapewa kinywaji, anaelezwa mpango wote na adui mwenyewe. Anajaribu kutuma ujumbe, ujumbe unaishia ndani ya gari linalopondwapondwa kuwa kipande cha chuma. Anayewapigia Wamarekani simu ni Pussy Galore (jina hilo lisitafsiriwe hapa, wazazi wanasoma). Anayebadilisha gesi ya sumu isiue askari wa Fort Knox ni yeye huyo huyo. Na bomu? Bond amekaa mbele yake anavutavuta nyaya kama fundi redio wa kubahatisha, mpaka mtaalamu anafika, ananyoosha mkono na kuzima swichi. Saa inasimama kwenye 007. Watengenezaji wenyewe walikuwa wanamtania, mchambuzi kapiga saluti.

Hii haifanyi muvi iwe mbaya jamani. Ni tamu kinoma. Ile Aston Martin DB5 yenye kiti cha kumrusha abiria juu, sauti ya Shirley Bassey, majengo ya Ken Adam yanayofanya benki ionekane kama msikiti wa dhahabu, ile gofu Bond anavyombadilishia Goldfinger mpira. Kuna hata pale anapowaponda Beatles, eti kunywa shampeni isiyo baridi ni sawa na kuwasikiliza hao bila kuziba masikio. Ni 1964, dunia nzima inawapigia kelele Beatles, mzee wa suti anajiona mjanja. Miaka 9 baadaye aliyeimba wimbo wa Live and Let Die ni nani? Paul McCartney. Dada aliandika hiyo na emoji kumi za kucheka.

Kwa hiyo huyo Bond ambaye hashindwi, anayetatua kila kitu peke yake, katoka wapi? Kwa wengi hapa kwetu katoka kwenye banda la video. Mjomba alikaa kwenye benchi, picha imekwaruzika, na mtafsiri juu yake anatia maneno: "Cheki stelingi anavyowanyoosha!" Mtafsiri alikuwa fundi, apewe maua yake, alikuwa anauza tiketi. Hakuwa na muda wa kukuambia kwamba stelingi kafungiwa na mwanamke ndio anaokoa jahazi. Mjomba akamsimulia mtoto, mtoto kakua kawa mchambuzi, na leo anatetea mtu aliyetungwa na kipaza sauti.

Na tukiwa kwenye sauti: Ursula Andress, yule anayetoka baharini kwenye Dr. No na bikini nyeupe, picha iliyobandikwa kila kona ya dunia, sauti unayoisikia akiongea sio yake. Ni ya Nikki van der Zyl, aliyewasemea na warembo wengine kwenye muvi hizo. Hata Goldfinger mwenyewe, Gert Fröbe, Mjerumani, kasemewa na Muingereza. Mambo ya kutiwa maneno mdomoni hayakuanzia Manzese.

Haya, hoja ya macho ya leo. Hii ndiyo wanaishika wote, mpaka dada zetu wengine, na inasikika ya busara. Enzi zile ndivyo ilivyokuwa, bana, watu hawakujua. Hawakujua? Rudi Dr. No, muvi ya kwanza kabisa. Honey, huyo huyo wa bikini, anamsimulia Bond kwamba baba yake alipopotea, mwenye nyumba alimwacha akae bure, halafu usiku mmoja akamjia kwa nguvu. Honey alimfanya nini? Akamwekea buibui mwenye sumu ndani ya chandarua. Jamaa akachukua wiki nzima kufa. Anasimulia kwa utulivu, na muvi iko upande wake. Bond anashtuka kidogo tu kwa ule ukatili wa buibui. Hiyo ni 1962. Yaani waliotengeneza muvi walijua vizuri kabisa kumlazimisha mwanamke ni nini na mtu wa namna hiyo anastahili nini. Walijua likifanywa na mwenye nyumba mzee. Miaka miwili baadaye likafanywa na mtanashati mwenye suti, wakaweka muziki wa vinanda.

Sasa zizi. Pussy Galore, kaichezea Honor Blackman, mwanamke wa miaka 38 au 39 wakati ule, mkubwa kwa Sean Connery kwa miaka 5, na judo alikuwa anaijua kwa sababu alikuwa anaicheza kwenye tamthilia ya The Avengers. Tangu wanakutana ndani ya ndege anamwambia Bond wazi kwamba huo utanashati wake kwake haufanyi kazi. Zizini Bond anamvuta, yeye anamtupa chini. Bond anamtupa na yeye. Mwisho wako kwenye majani makavu, Bond kamlalia juu, mwanamke anasukuma kwa mikono miwili, anageuza uso pembeni, anakaza, Bond anashuka kwa uzito wake wote. Halafu mikono inalegea, inamzunguka shingoni, vinanda vinaingia.

Klipu ya mchambuzi inaanzia PALE mikono inapolegea.

Eti "anakataa wapi hapo". Umekata mwenyewe sehemu anayokataa, halafu unawauliza watu iko wapi! Na huyu ndiye anayelalamika kwamba watoto wa elfu mbili wanakatakata muvi za watu. Dada hakukata hata sekunde. Dada katazama yote, kuanzia ile midomo ya bunduki mpaka majina ya mafundi taa. Mwenye mkasi mkononi ni nani hapa?

Na kama mtu anadhani hilo zizi ni bahati mbaya ya mara moja, aweke Thunderball ya 1965. Bond yuko kwenye kituo cha afya, Shrublands. Kuna nesi, anamvamia kwa busu, nesi anajitoa. Baadaye adui anaichezea mashine ya kunyoosha mgongo, inataka kumuua Bond, nesi anamkuta na kumzimia. Binti anatetemeka, kosa sio lake lakini akijua bosi kazi imeota mbawa. Anamwomba asiseme. Bond anamwambia kunyamaza kwake kuna bei. Anamrudisha nyuma mpaka kwenye chumba cha mvuke, binti anasema hapana, mlango unafungwa.

Hapo hata kamusi haihitajiki. Kila binti aliyewahi kuzungushwa na mtu mwenye kalamu ya kusaini karatasi yake anajua hiyo bei ni nini. Tanzania jambo hilo lina jina, rushwa ya ngono, na liko kwenye sheria ya kuzuia rushwa ya 2007. Kwenye muvi limewekwa kama kichekesho, na kwenye video ya dakika saba mchambuzi kalipita bila hata kulitaja.

"Enzi zile, enzi zile." Basi ichukuliwe enzi ile ile. Mwaka huo huo wa 1965 ilitoka muvi nyingine ya kijasusi, The Ipcress File, Michael Caine akiwa Harry Palmer. Mmoja wa watayarishaji wake ni Harry Saltzman, mmoja wa watayarishaji wa Bond. Muziki John Barry, yule yule. Majengo Ken Adam, yule yule. Jasusi huyu anavaa miwani, anasukuma toroli sokoni akibishana na bosi wake kuhusu uyoga wa kopo, anampikia mwanamke chakula nyumbani. (Mikono inayopasua mayai pale ni ya Len Deighton, mwandishi wa kitabu, Caine alishindwa.) Mwanamke anamuuliza kama anavaa miwani muda wote. Anamjibu ndiyo, isipokuwa kitandani. Mwanamke ananyoosha mkono, anamvua miwani. Imeisha hiyo! Ana mvuto kuliko mazizi yote ya Kentucky, na hakuna aliyesukumwa. Watu wale wale, mji ule ule, mwaka ule ule. Kwa hiyo walikuwa na macho. Walichagua.

Tena wapo waliochagua vizuri zaidi ndani ya Bond yenyewe. On Her Majesty's Secret Service ya 1969, ile ya George Lazenby, modo wa Australia aliyecheza moja tu akaondoka. Mchambuzi kaiita "ile mbovu". Kwenye hiyo mbovu Bond anakimbizwa na watu wa Blofeld, anafika kwenye uwanja wa barafu, anakaa kwenye benchi kakunja kola, ANAOGOPA, unamwona kabisa usoni. Anayemkuta pale ni Tracy, Diana Rigg, na anayeshika usukani wakitoroka ni Tracy. Bond anamuoa. Wanauawa furaha siku hiyo hiyo ya harusi, Tracy anapigwa risasi garini, na muvi inaishia Bond kamkumbatia anamwambia askari kwamba mkewe anapumzika tu. Hakuna ngumi, hakuna kichekesho. Halafu mtu anakwambia Bond wa sasa ndio kaharibu kwa kulialia, kwamba No Time to Die ya 2021 imevunja mwiko wa stelingi hafi. Huyo hajafika 1969. Bond alishavunjika moyo mbele ya kamera kabla wazazi wa mchambuzi hawajajuana.

Kuna lingine dada aliligusa kwa mstari mmoja tu, na ajabu hakuna aliyelitolea povu. Quarrel. Mvuvi mweusi kwenye Dr. No, mtu wa Cayman, anayeijua bahari, mwenye mashua, ndiye anayemfikisha Bond kwenye kisiwa cha adui. Wakiwa kule Bond anamwambia amletee viatu vyake, kwa sauti ya kumwambia mtumishi. Baadaye Quarrel anachomwa moto na lile gari lililofanywa dragoni, na safari inaendelea. Muvi hiyo ilipigwa Jamaica mwanzoni mwa 1962. Agosti 6 mwaka huo Jamaica ikawa huru. Oktoba muvi ikaonyeshwa London. Yaani watu walipokaa kutazama, nchi ilikopigwa muvi hiyo ilikuwa tayari ina bendera yake. Live and Let Die ya 1973 ndio kabisa: Bond akitia mguu Harlem, dereva teksi, mhudumu wa baa, karibu kila mtu mweusi anayekutana naye yuko kwenye genge. Na Solitaire, msoma karata, anadanganywa kwa karata zilizopangwa zote ziwe za wapenzi, alale naye akidhani ni mapenzi ya mbinguni. Kule Yaphet Kotto kawa adui mkuu, na miaka minne baadaye akaja kucheza Idi Amin kwenye Raid on Entebbe. Kipaji kikubwa vile, nafasi ndio hizo. Na You Only Live Twice ya 1967, Connery anapakwa awe Mjapani. Mskochi mrefu vile. Hiyo ipite tu, inajichekesha yenyewe.

Sasa wapo upande wa pili nao, waliojaa kwenye komenti za dada wakimwambia afute, aache kutazama, zifungiwe kabisa. Nao wanazingua. Zikifungiwa, kitakachobaki mjini ni klipu. Sekunde arobaini za vinanda, bila mikono inayosukuma, bila buibui wa Honey, bila Tracy kwenye usukani. Huo ndio utakuwa ushindi wa mchambuzi.

Kwa nini yote haya kwa ajili ya muvi ya wazee? Kwa sababu chini ya ile klipu kuna binti aliandika komenti. Hakutukana mtu. Aliandika kwamba alipokuwa chuo, mtu aliyemlazimisha alimwambia maneno hayo hayo yaliyoko kwenye ile video, kwamba mwanamke akikataa anakupima tu, kaza, atalegea. Komenti ilikaa kama saa moja ikapata majibu machache ya pole na mengi ya kejeli. Halafu ikafutwa. Za kejeli zimebaki mpaka sasa, nenda kaangalie.

Mchambuzi ana wafuasi, ana taa, ana kompyuta nzuri ya kuunganisha video. Basi aipandishe ile ya zizini nzima, kuanzia wanapoingia mlangoni mpaka mwisho, bila kugusa kitu, bila kuongeza muziki wake. Aandike swali lake lile lile juu yake. Na komenti ya yule binti airudishe pale ilipokuwa.